Tumbo la Ikwap

Mashemeji walipokuja kumchukua mumewe, Maximilla alikuwa amepiga magoti sakafuni anapakia odi, siagi ya njugu, kwenye mikebe, na mikono yake miwili ilikuwa imejaa mafuta ya njugu hadi viwikoni. Hakuweza hata kuwapa mkono. Elungat, kaka mkubwa wa Ikwap, alikuwa ametoka kijijini Mella na mjomba mmoja na pikipiki mbili za kukodi. Wenye pikipiki hawakuzima hata injini, utadhani wamekuja kubeba gunia.

"Tumetumwa na toto," Elungat alisema akiwa amesimama mlangoni. Toto ndivyo Wateso wanavyomwita mama. "Anataka mtoto yake akuje nyumbani. Akuje akule chakula."

"Na hapa anakula nini, shemeji? Mchanga?"

"Mimi sikusema mchanga. Wewe angalia yeye tu."

Wakamwangalia wote. Ikwap alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ovaroli lake la kupakia saruji limefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, na mikunjo ya kitambaa ilikuwa mingi kuliko mwili uliokuwa ndani yake. Nje, majirani wa ploti walikuwa wameshapata sababu za kutoka. Mmoja alianza kuanua nguo ambazo zilikuwa zingali zinatona maji.

Katika ukoo wa Ikwap, mwanamume akikonda mikononi mwa mkewe, mama yake humrudisha nyumbani amlishe mwenyewe. Hawagombi wala hawapigi mtu. Wanamchukua tu. Lakini akinenepa huko, mke ana kesi ya kujibu, na wengi huijibu wakiwa wameshafunga mizigo yao. Maximilla alikuwa Msamia kutoka Busia upande wa Kenya, kwa hiyo hata njia ya kurudi kwao alikuwa anaijua vizuri, na kila aliyekuwa pale mlangoni alijua kwamba anaijua.

"Ikwap, sema kitu basi," alimwambia mumewe.

Ikwap aliinuka polepole. "Wacha niende, mama Annet. Toto akiona mwenyewe, ataamini."

Aliondoka amekaa katikati ya dereva na mjomba, amebanwa mbele na nyuma kama mgonjwa wa kifafa. Maximilla alirudi kwenye mikebe yake akaendelea kupakia odi, kwa sababu mteja wa Malaba hakuwa na habari na ndoa ya mtu.

Ukweli ni kwamba Ikwap alikuwa anakula. Jamani, alikuwa anakula! Alikula kama watu watatu, akaamka na njaa kama ambaye hakula. Maximilla alimpikia viazi vitamu kwa odi, nyama ya kukausha kwa odi, hata uji wa asubuhi alimkorogea odi. Kila mume alivyozidi kukonda ndivyo kijiko cha odi kilivyozidi kuwa kikubwa. Zahanati za Tororo zilimtibu taifodi, zikamtibu vidonda vya tumbo, zikamtibu minyoo. Ukimwi alipimwa mpaka muuguzi akamwambia, "Mzee, hauna. Usirudi tena hapa kunipotezea vifaa." Majirani nao walikuwa na kipimo chao, nacho ni macho, na macho yao yalikwishatoa majibu zamani.

Lipo jambo moja tu ambalo Maximilla hakulisema zahanati, wala kwa jirani, wala kwa mumewe mwenyewe. Choo cha ploti kilikuwa cha kumwaga maji, na alichokiacha Ikwap hakikuwa kinakubali kwenda. Kilielea. Kilikuwa kingi, kimepauka, kina mafuta juu, na harufu yake iliwatoa watu vyumbani. Kila alfajiri Maximilla alitangulia na ndoo za maji na mkebe wa majivu kabla watu hawajaamka. Alikuwa anaosha anarudi, anamkuta mumewe anajifanya amelala. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kijaluo aitwaye Wilkister, alikwishamwita pembeni akamwambia kwa sauti ya upole iliyouma kuliko tusi, "Mama Annet, si mzee wako awe anaenda tu kile cha sokoni? Watu wanalalamika, na mimi sitaki kufukuza mtu."

Alijibu, "Sawa, mama." Angejibu nini tena? Mambo ya mume ya chooni mke hayatoi nje. Na mbele ya mama mkwe hayatajwi kabisa, hata kwa mafumbo. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na shangazi zake, na kwa Wateso alikuta ni hivyo hivyo.

*

Jumamosi ya pili baada ya hapo alimwacha Annet kwa Wilkister, akachukua mkebe wa odi, akaenda Mella.

Toto Asere alimpokea uani. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe. Kiteso Maximilla alikuwa anakisikia kidogo tu, na Kisamia toto hakukijua kabisa, kwa hiyo miaka yote hiyo walikuwa wanaongea Kiswahili cha mpakani, kila mmoja akikikata alivyokijua.

"Umefika."

"Nimefika, toto. Anaendeleaje?"

"Hapa anakula," toto alisema, akaupokea mkebe, akaunusa, akauweka chini. "Hapa hakuna kupima chakula na kijiko ya chai. Maziwa yeye nakunywa, samli nakula, kuku nakula. Nakula mpaka sahani nalia."

Basi Ikwap akatoka ndani, akiwa ameushika ukuta.

Jambo la kwanza alilolisikia Maximilla moyoni mwake lilikuwa furaha, na hiyo ni aibu aliyokuja kuungama kwa padri baadaye. Mume alikuwa amekonda zaidi. Samli ya toto ilikuwa imeshindwa kama ilivyoshindwa odi yake. Kesi hakuna! Kisha akayaona macho ya Ikwap jinsi yalivyozama, akaziona mbavu zikihesabika juu ya shati, na furaha yote ikamwisha.

"Umekuja," Ikwap alisema, akatabasamu kama aliyeletewa zawadi.

"Nimekuja, baba Annet."

Mchana ule toto alimpakulia mwanawe mlima wa atap, yaani ugali wa wimbi, na bakuli la nyama inayoogelea katika samli, akakaa mbele yake kumhesabia matonge. Ikwap alikula yote. Toto alimtupia Maximilla jicho lililosema, unaona? Lakini Maximilla aliona pia kwamba toto alipochukua sahani aliziangalia mbavu za mwanawe, akageuza uso haraka.

Alilala huko. Alfajiri, kwa mazoea ya mwili, aliamka mapema, akachota majivu jikoni kwenye mkebe, akazunguka nyuma ya boma kwenda chooni. Mlango wa choo ulikuwa wazi. Toto Asere alikuwa ameinama ndani, leso imefungwa puani, ana ufagio mkono huu na kopo la majivu mkono huu.

Waliangaliana. Mama mkwe akauangalia mkebe wa majivu uliokuwa mkononi mwa mkaza mwana wake. Mkaza mwana akaliangalia kopo la mama mkwe.

"Hapa mende nasumbua," toto alisema.

"Hata kule Tororo, toto. Nimepigana na mende hao miaka miwili."

"Miaka miwili?"

"Miwili."

Toto aliweka ufagio chini. Akatoka nje, akampisha mlangoni, na alipokuwa anapita alimshika bega, akalibana kidogo, akaenda zake kukama. Ungewaambia wakati huo kwamba mmoja wao ana makosa, wangekukatalia wote wawili kwa pamoja.

Asubuhi hiyo hiyo Ikwap alishikwa na maumivu. Yalimwanzia chini ya kifua, yakapenya hadi mgongoni, naye akapiga magoti kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anapumua tu kwa meno.

"Kuna nabii pale Kiyeyi," Elungat alisema. "Hii kitu si ya hospitali. Hospitali zote amemaliza."

"Hajamaliza za Busia," Maximilla alisema. "Upande wa kwetu kuna daktari anayeangalia tumbo. Shangazi yangu alitibiwa huko. Shemeji, nakuomba. Nikikosea, mtakaa kikao na nitarudi kwetu mwenyewe, hamtanisindikiza."

"Wewe ndiye alimkondesha, sasa wewe ndiye atachagua hospitali?"

"Elungat!" Toto alikuwa ameshika kamba ya ndama. Aliifunga kwenye kigingi taratibu, kama ambaye hana haraka hata kidogo. "Wewe baki na ng'ombe. Mimi nakwenda na hawa."

*

Walivuka mpaka wa Busia kwa miguu kama wavukavyo watu wa kila siku, Ikwap katikati, mama na mke mmoja kila upande. Askari wa upande wa Kenya aliwaangalia mara moja tu, akawapisha na mkono.

Foleni ya hospitali ilikuwa ndefu. Ikwap alikwenda msalani, akarudi, akakaa. Baada ya muda mfupi mama mmoja wa usafi alitoka huko na mopu yake, amekunja uso.

"Nani ameharibu choo namna hii? Mtu mzima na akili yake! Nani?"

Benchi zima likageuka. Waliokuwa karibu na Ikwap walianza kusogea, kwanza makalio, halafu mikoba. Ikwap aliangalia sakafu. Maximilla alifungua mdomo, lakini toto alikwishasimama.

"Ni mimi," toto Asere alisema, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe. "Mimi mzee. Tumbo yangu mbovu. Leta hiyo mopu nioshe mwenyewe."

Mama wa usafi alirudi nyuma na mopu yake. "Aa, hapana, mama. Keti tu. Pole."

Toto akaketi, akanyoosha gauni lake magotini. Hakumwangalia mwanawe, wala mwanawe hakumwangalia. Lakini Maximilla aliona Ikwap akiusogeza mguu wake kidogo kidogo mpaka ukagusana na wa mama yake, kama mtoto kanisani.

Daktari Nerima alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na subira. Walipoitwa waliingia wote watatu. Toto hakuomba ruhusa. Daktari aliuliza maumivu yanaanzia wapi, yanaishia wapi, Ikwap anakunywa pombe kiasi gani, anakula nini. Ikwap alijibu yote vizuri.

"Na choo? Kikoje?"

"Kawaida," Ikwap alisema.

"Kawaida kabisa?"

"Kawaida, daktari."

Daktari aliinamisha kichwa kuandika. Maximilla aliuona ule wino unavyokwenda, akajua kwamba neno hilo moja likikauka pale watapewa tena dawa ya vidonda vya tumbo, watarudi nyumbani, na Ikwap atazikwa kabla ya mavuno, amekula vizuri. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Uso ulikuwa unamwaka moto.

"Si kawaida," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Toto, nisamehe. Baba Annet, nisamehe." Sauti ilikuwa inamtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Daktari, kinaelea. Ukimwaga ndoo, kinazunguka kinarudi. Ni kingi, kimepauka, kina mafuta juu kama mchuzi uliopoa. Anaenda mara nyingi. Na harufu yake... mimi ndiye naosha. Tangu Annet alipoanza shule."

Ikwap alijifunika uso kwa viganja viwili. Nje baiskeli ilipigwa kengele. Maximilla alisubiri toto amlaani, au asimame atoke, kwa sababu neno kama hilo mbele ya mama mkwe halirudi mdomoni.

"Ni kweli," toto alisema. "Hata mimi nimeosha."

Ikwap akashusha viganja.

"Na hiyo maumivu si ya jana," toto akaendelea, sasa anamwangalia daktari moja kwa moja. "Alikuwa mdogo, hajaenda shule, tumbo nashika yeye hapa juu, napita mpaka mgongo. Analala hivi, juu ya magoti. Halafu napona. Mwaka mwingine narudi. Mimi nilinyamaza."

"Hukuniambia, toto," Maximilla alisema.

"Ningekuambia, ungekubali kuolewa na tumbo?"

Maximilla hakujua kicheko kilimtokea wapi, lakini kilitoka kimechanganyika na machozi. Daktari Nerima alivua miwani.

"Asanteni," alisema. "Nawaambia kwa moyo. Watu huletwa hapa mwaka mzima, wanasema kawaida, kawaida, mpaka tunawapoteza. Mficha maradhi kifo humuumbua, si ndivyo? Nyinyi hamkuficha. Sasa wacha tumpige picha."

Picha ilirudi. Daktari aliibandika kwenye mwanga, akawaonyesha, katikati ya tumbo, vijiwe vyeupe vimetapakaa kama chumvi ya mawe iliyomwagika.

"Hapa kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kimelala nyuma ya tumbo, watu hawakijui mpaka kiharibike. Kazi yake ya kwanza ni kutoa maji ya kuyeyusha chakula, hasa mafuta. Chakula kikishuka, utumbo unatuma homoni kwenye damu. Ni kama kumpigia simu kongosho: mzigo umefika, fungulia. Kongosho linafungulia."

"Na la kwangu?" Ikwap aliuliza.

"Lako linapokea simu. Lakini mifereji yake imejaa mawe, na pale maji yanapotengenezwa pamekauka. Kwa hiyo halina cha kufungulia. Mafuta yanapita yalivyoingia."

Maximilla alishika mdomo. "Kwa hiyo odi yangu..."

"Ilikuwa inapita tu, mama."

"Na samli yangu?" toto aliuliza.

"Na samli pia."

Wanawake wale wawili waliangaliana. Kumbe miaka yote walikuwa wanamwagia mtungi uliotoboka chini, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba hajazi.

"Nani alimfanyia hii?" toto aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu, mama. Wengine huletewa na pombe, na huo ajon wenu aache kabisa, asiuonje. Wengine huanza wakiwa watoto kama huyu, na hata sisi hatujui vizuri kwa nini. Lakini si mkono wa mtu. Wala si mkono wa mke."

Toto aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama anayemeza kitu kikubwa.

"Kazi ya pili ya kongosho," daktari akasema, "ni kutoa homoni ya kuongoza sukari, insulini. Nimempima. Sukari yake iko mpakani, kama sisi hapa. Hajavuka, ila anaona ng'ambo. Mtakuwa mnakuja nimpime. Akivuka, kuna sindano, na watu wanaishi nazo. Kwa sasa atapata hivi vidonge. Ndani yake kuna kile ambacho kongosho limekosa. Na sikilizeni, hapa ndipo watu wanakosea. Havimezwi baada ya kula. Vinamezwa pamoja na chakula, tonge la kwanza kidonge, katikati kidonge. Chakula kisipoingia, hakuna kidonge. Na msivipasue mkavitia kwenye uji wa moto."

"Mpaka lini?" Ikwap aliuliza.

"Maisha yote. Ugonjwa huu hauishi. Lakini utashiba, utanenepa, na utabeba saruji yako, kidogo kidogo."

Ikwap aliangalia mikono yake. Halafu alimgeukia mkewe, akamwambia mbele ya daktari na mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, "Asante, Maximilla. Nilikuwa nakusikia ukiamka. Kila siku nilikuwa nakusikia. Nilikuwa naona haya."

*

Walirudi Mella. Vidonge havikuwa bei ya mtu wa kupakia saruji. Elungat, aliyeachiwa ng'ombe, aliposimuliwa yote alikaa na ng'ombe wake jioni nzima. Kesho yake alimpeleka dume wake sokoni, akaleta dawa ya kuanzia, akaiweka mezani bila hotuba. "Shemeji," alimwambia Maximilla akiwa anaangalia kando, "mdomo wangu ni wa haraka." Kwa mtu kama Elungat, hiyo ilikuwa sala nzima. Maximilla alirudi Tororo kwa Annet, Ikwap akabaki Mella na toto.

Mlo wa kwanza Ikwap alikula akamaliza, akanawa, ndipo akanyoosha mkono achukue kidonge, kwa sababu tangu kuzaliwa alijua dawa ni baada ya chakula. Toto alimpiga kofi la mkono. "Tonge la kwanza! Wewe huna masikio?" Ikabidi apakuliwe tena kidogo ili kidonge kipate kazi. Tangu hapo toto alisimamia vidonge kama mtu anayelinda mtama dhidi ya ndege, na ili kidonge kisingoje, hakuna sala ya chakula iliyozidi Baba Yetu moja.

Jioni ya siku ya tano au ya sita Ikwap alitoka chooni nyuma ya boma, akasimama uani. Hakuwa anaushika ukuta.

"Toto," alisema, "leo hakuna kazi ya majivu."

Toto alikwenda kuangalia mwenyewe. Aliporudi alikuwa anapiga vigelegele, na jirani wa ng'ambo ya shamba akauliza kwa sauti kubwa ni nani amejifungua.

Toto hakungoja kikao. Alimpandisha Ikwap pikipiki, naye akapanda nyingine, wakaenda Tororo. Aliingia katika ploti ile mchana, majirani wote wakiwa nje, akamkuta Maximilla kwenye mikebe yake ya odi. Akavua viatu, akaketi chini kwenye sakafu ya mkaza mwana wake, yeye ambaye kwa desturi aliwekewa kiti.

"Toto, kiti kipo."

"Wacha kiti. Nilituma watu kumchukua," toto alisema, na kila sikio la ploti lilikuwa linasikia. "Kumrudisha nakuja mimi mwenyewe. Mume yako huyu. Eyalama noi. Asante sana. Wewe ndiye umezaa yeye mara ya pili."

Wilkister, mwenye nyumba, alikuwa amesimama karibu na bomba la maji. Alijikohoza. Akasema Ikwap asihangaike kwenda sokoni, choo ni cha wote.

Maximilla aliuacha mkebe. Alikuwa na mafuta mikononi tena, na machozi hayafutwi kwa mafuta, kwa hiyo aliyaacha yashuke. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru hata yule mama wa mopu aliyewapigia kelele, kwa sababu kama si yeye asingejua mama mkwe wake ni mtu wa namna gani.

*

Miezi ilipita. Ikwap alirudi kiwanda cha saruji, akapewa kwanza kazi ya kuhesabu lori, halafu akaanza kubeba. Kamba ya katani ilitupwa. Sukari yake ilibaki pale pale mpakani. Siku mbaya zilikuwepo bado, siku za kulala juu ya magoti, lakini zilikuwa zinapita.

Jumapili ya shukrani, watu wa kigango cha Mella walipita mbele mmoja mmoja kama ilivyo ada. Mmoja alishukuru kwa mtoto kufaulu, akatoa jogoo. Mwingine alishukuru kwa ng'ombe aliyepatikana. Toto Asere alipanda akiwa amemshika Maximilla mkono, ambaye alikuwa anavutwa huku anajaribu kutabasamu. Mbuzi wao alikuwa amefungwa nje.

"Mimi nashukuru Mungu kwa choo ya mtoto yangu," toto alisema.

Kanisa zima likatikisika kwa kicheko. Vijana wa kwaya walifunika nyuso zao kwa vitabu vya nyimbo. Ikwap, kwenye benchi la wanaume, aliinamisha kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Toto aliwangoja wamalize. Kisha akaeleza. Alieleza mafuta, alieleza rangi, alieleza harufu, alieleza kuelea, alieleza na maumivu yanayopenya mgongoni, na jinsi mwanawe alivyokula huku anakufa njaa.

Katekista alimkaribia, uso umemwiva kwa haya. "Toto, mambo mengine tunaongea nyumbani."

"Nyumbani tulinyamaza," toto Asere alimjibu. "Tulinyamaza vizuri na heshima yetu. Karibu tuzike. Huyu hapa, mke ya mtoto yangu, alisema mbele ya mimi. Alikosa adabu, na mtoto yangu nakaa pale, nanenepa. Mungu abariki mdomo yake."

Sasa hakuna aliyecheka. Katekista alirudi nyuma akashika kitabu chake. Maximilla alisimama pale mbele, mkono wake ungali mkononi mwa toto, na hakuwa anaona haya tena hata kidogo. Alijisikia mwepesi tu, na mwenye shukrani.

Waliporudi kukaa, na wimbo umeanza, mwanamke mmoja aliinuka kutoka mabenchi ya nyuma. Maximilla hakuwa anamjua. Alikuwa bado kijana, amembeba mgongoni mtoto mkubwa, wa miaka minane hivi, mtoto wa kutembea mwenyewe, ambaye miguu yake ilikuwa inaning'inia myembamba kama fito. Alipita kando ya ukuta bila kumwangalia mtu, akaja mpaka kwenye benchi lao, akainama karibu na sikio la Maximilla.

"Dada," alinong'ona, "hata ya huyu inaelea. Hiyo hospitali iko wapi?"

Maximilla alisogea, akamwambia na toto asogee, wakampa nafasi ya kukaa.